Bigijii ya nikotini: miezi minne kwenye tangi la mafuta, Kigamboni mpaka Tunduma

Kwikwi ilinikamata Mikese, kwenye foleni ya mizani, na haikuniachia mpaka tulipofika Msamvu. Dogo, utingo wangu, alicheka mpaka akashusha kioo apate hewa. "Suka, umekula nini leo?" Sikuwa nimekula kitu. Nilikuwa na bigijii mdomoni, ya tatu ndani ya saa moja, naitafuna kama nilivyozoea kutafuna bigijii tangu shule ya msingi: harakaharaka, magego yote yanafanya kazi, mate nameza. Koo linawaka kama nimemeza pilipili kichaa, tumbo linageuka, na kila baada ya sekunde chache kwikwi inanirusha kwenye usukani. Nilikuwa na siku moja na nusu bila sigara. Nikaitema kwenye karatasi, nikasema kwa sauti kwamba nimeibiwa.

Sikuibiwa, nilikuwa naitumia kijinga. Naandika haya kwa sababu nimeshakutana na madereva wanne watano walionunua kitu hiki, wakakitafuna siku mbili, wakakitupa, na sasa wanatangaza kijiweni kwamba ni utapeli. Kama ningeishia Mikese na mimi ningekuwa mmoja wao.

Kitu chenyewe ni bigijii ya kumsaidia mvutaji kuacha sigara, yenye nikotini ndani, miligramu 4 kila kipande, ladha ya mnanaa, boksi la vipande 30. Zipo na za miligramu 2. Jina la kampuni naliacha, maana nimetumia za kampuni mbili tofauti na kwa kinywa changu zinafanana. Boksi la kwanza nililipata Kariakoo kwa sh 45,000. Mimi ni dereva wa tangi la mafuta, miaka 47, napakia Kigamboni napeleka Zambia. Nimevuta kwa miaka 22, sigara kama 25 kwa siku.

Sasa mtu atauliza: dereva wa mafuta, unavuta? Ndiyo. Hilo swali mama watoto ameniuliza kwa miaka yote hiyo, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini kuacha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kichwa cha gari langu hapavutwi kabisa. Ukitaka fegi unaegesha, unashuka, unatembea mpaka mbali, unavuta huku unaangalia upepo unakotoka, unazima kipisi kwa soli ya kiatu mara tatu, ndiyo unarudi. Kila safari napita Msamvu, mahali tangi lilipopinduka tarehe 10 Agosti 2019, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Kila dereva wa mafuta nchi hii anaijua tarehe hiyo. Mimi nilikuwa napita pale, nasoma Fatiha kimoyomoyo, na kilomita ishirini mbele naegesha, natembea hatua zangu hamsini, nawasha. Kama hofu ingetosha kumwachisha mtu sigara, mimi ningeacha Agosti hiyohiyo.

Kuna jambo lingine nililigundua nikiwa bado mvutaji, nikalipuuza. Ndani ya bohari ya mafuta Kigamboni hata simu hairuhusiwi ovyo, seuze kiberiti. Tunaweza kukaa mle saa sita, saa nane tukisubiri kupakia, na wala sihangaiki. Nakunywa maji, napiga soga, nalala chini ya mwembe. Tangi likishajaa, mihuri imefungwa, nikiona tu mlinzi anainua kizuizi cha geti la kutokea, mate yananijaa mdomoni. Vidole vinaanza kugongagonga usukani. Dakika mbili baada ya kutoka siwezi kuongea na mtu. Mwilini nikotini ilikuwa imepungua tangu asubuhi, lakini arosto ilikuwa imekaa getini inanisubiri. Ramadhani ni vilevile. Mchana kutwa saa kumi na tatu bila moshi, sijambo kabisa, adhana ya Magharibi ikilia mkono unatafuta kiberiti kabla haujatafuta tende. Mbuga ya Mikumi nayo hivyohivyo: barabara inapita ndani ya hifadhi kilomita 50, mwendo wa pole, hakuna kushuka, tembo hao. Sikuwahi kuitamani sigara mle ndani. Nilikuwa naitamani kwenye kibao cha mwisho cha hifadhi.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma jinsi bigijii hii ilivyoanza nilicheka peke yangu. Mwaka 1967 huko Sweden, daktari mmoja anaitwa Claes Lundgren alimwandikia mwenzake Ove Fernö, mtu wa utafiti kwenye kampuni ya dawa mjini Helsingborg, kwamba mabaharia wa nyambizi wasioruhusiwa kuvuta chini ya maji wanaweka tumbaku ya snus mdomoni, kama wazee wetu wa Unyamwezi na ugoro, na wanatulia. Wakafikiri: kama nikotini inaweza kuingilia ufizi, tuiweke kwenye bigijii. Yaani kitu hiki kilibuniwa kwa kuwatazama watu waliofungiwa ndani ya chuma pasipowashwa moto. Mimi tena huyo, tofauti yangu na wao ni kwamba nina matairi.

Turudi kwenye matumizi. Duka la Kariakoo lilinihudumia kama nimenunua panadoli. Kijana alikuwa anaongea na simu, akaweka boksi kwenye mfuko, akanirudishia chenji. Sikuulizwa navuta ngapi, sikuelezwa chochote. Ndani kuna kikaratasi cha Kiingereza kilichokunjwa mara nane, maandishi kama sisimizi. Nani anasoma kile akiwa Mbezi Mwisho anagombana na bodaboda?

Aliyenisaidia ni mama mmoja mfamasia Mbeya, duka dogo karibu na Uyole. Niliingia kutafuta dawa ya vidonda vya mdomo, kwa sababu baada ya wiki moja ulimi ulikuwa umechubuka. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama.

"Unaacha sigara wewe."

"Umejuaje, mama?"

"Unatafuna kama mbuzi. Toa hiyo."

Akanikalisha kwenye kigoda kwa robo saa nzima, wateja wanasubiri. Kwanza akaniuliza swali moja tu: ukiamka, sigara ya kwanza unavuta baada ya muda gani? Nikamwambia kabla sijavaa viatu. Akasema basi miligramu 4 ndiyo saizi yako, za 2 ni za yule anayekaa zaidi ya nusu saa tangu aamke ndipo awashe. Halafu akanifundisha kutafuna. Unaitafuna taratibu, mara chache tu, mpaka usikie muwasho kama wa pilipili manga. Hapo unasimama. Unaiegesha kati ya ufizi na shavu, unaiacha. Muwasho ukipotea, unatafuna tena kidogo, unaegesha upande wa pili. Hivyo hivyo kama nusu saa. Nikotini inatakiwa ipite kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ukitafuna kwa fujo inaingia kwenye mate, unaimeza, inakwenda kuchoma koo na kuvuruga tumbo, unapata kwikwi, na sehemu kubwa ya ulichokilipia inaishia kwenye ini bila kufika kichwani. "Wewe ni dereva," akasema, "jifunze kuegesha."

Cha pili alichoniambia kilinikera kwa sababu kilikuwa kweli. Usinywe soda, juisi wala kahawa robo saa kabla ya kuweka bigijii mdomoni, wala ukiwa nayo. Vitu vyenye uchachu vinaziba njia, nikotini haipenyi. Na mimi wiki nzima nilikuwa nashushia kila kipande kwa kinywaji cha kuongeza nguvu, kile cha chupa ya plastiki tunachouziwa mizani. Nilikuwa namwaga elfu moja na mia tano barabarani kila saa.

Kuanzia siku hiyo ndiyo naweza kusema nimeanza kuijaribu bidhaa yenyewe, kwa hiyo maoni yangu yahesabuni kuanzia Uyole.

Inafanya kazi? Inafanya, lakini si kama sigara, na tofauti hiyo inabidi uijue kabla hujatoa pesa. Sigara ni mshale. Ukivuta, moshi unaingia mapafuni, damu inaubeba, na ndani ya sekunde kumi hadi ishirini nikotini imeshagonga ubongo. Hujamaliza kutoa moshi puani umeshalipwa. Bigijii inachukua dakika ishirini, thelathini kufika pale inapofika, na inapofika inakuja chinichini, kama maji yanayopanda kwenye ndoo. Hakuna ile "aaah". Ukikaa kuisubiri hiyo "aaah" utakasirika. Inachofanya ni kuondoa ukali: mikono inaacha kutetemeka, hasira inashuka kutoka kutaka kumpiga mtu mpaka kutaka kumtukana tu, na unaweza kuendesha.

Yule mama alinipigia hesabu ambayo sijaisahau. Sigara moja ni mivuto kama kumi. Sigara 25 ni mivuto 250 kwa siku. Kwa miaka 22 mkono wangu umepanda mdomoni zaidi ya mara milioni mbili, na kila mara ulipopanda ubongo ulipewa zawadi papo hapo. Hakuna kitu kingine maishani nimekifanya mara milioni mbili. Sijabadilisha gia mara milioni mbili. Ndani ya kichwa, akasema, vile vipokezi vinavyodaka nikotini vinaongezeka idadi kwa mvutaji, na ukiacha havipungui siku hiyo, vinakaa wiki sita mpaka kumi na mbili vimeachama midomo kama vifaranga. Kazi ya bigijii ni kuvitilia matone visipige kelele zote kwa pamoja. Ndiyo maana dozi yake inapungua polepole: wiki sita za kwanza kipande kimoja kila saa moja au mbili, wiki tatu zinazofuata kila saa mbili mpaka nne, tatu za mwisho kila saa nne mpaka nane. Isizidi vipande 24 kwa siku. Mimi siku mbaya kabisa nilifika 14.

Siku ngumu zilikuwa ya pili, ya tatu na ya nne. Wiki mbili za mwanzo kwa ujumla usimkopeshe mtu pesa wala usijibu meseji za bosi. Mwana wa pili alinipigia simu kuniomba ada ya safari ya shule nikamfokea mpaka akakata. Nilimpigia kesho yake, nikamwambia baba alikuwa anaumwa, naye akasema, "Mama ameshatuambia, tukupe wiki tatu."

Kuna mambo bigijii haiwezi kuyatatua na hakuna anayekuambia. Choo kilifunga, siku nne. Nikala mapapai ya Ruaha Mbuyuni mpaka muuzaji akanizoea. Kikohozi kiliongezeka badala ya kupungua, kwa sababu mapafu yanaanza kujisafisha. Na kahawa! Hili lilinishangaza kuliko yote. Nilikuwa mtu wa vikombe vinane vya kahawa chungu. Wiki ya pili moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku macho makavu, nikajua ni arosto, nikaongeza bigijii, hali ikazidi. Kumbe moshi wa sigara unalifanya ini liichakate kahawa haraka, na ukiacha moshi kahawa ileile inakaa mwilini karibu mara mbili ya muda. Nikotini ya bigijii haihusiki hapo, ni moshi wenyewe. Nilikuwa nakunywa vikombe vinane vinavyofanya kazi ya kumi na sita. Nikashuka mpaka vitatu, nikalala kama mtoto. Hili peke yake lilistahili kuandikwa juu ya boksi kwa herufi kubwa, na halimo hata kwenye kile kikaratasi cha sisimizi, niliishia kukisoma chote kwa tochi ya simu.

Mama wa Uyole alinishauri nichanganye na kibandiko, ile plasta ya nikotini ya kubandika begani, ya miligramu 21 kisha 14 kisha 7, kwa sababu wanaotumia vyote viwili hufanikiwa zaidi kuliko wanaotumia kimoja. Hakuwa nayo. Nilipata ya wiki mbili Dar. Ni nzuri kwa mtu wa ofisini mwenye kiyoyozi. Kwenye kichwa cha gari mwezi wa pili, jasho la Ruaha Mbuyuni linaibandua, nimeikuta mara mbili imejikunja ndani ya kwapa. Na ukilala nayo unaota ndoto zenye rangi: niliota napandisha Kitonga kinyumenyume, tangi mbele, na abiria wa basi zima wananipigia makofi. Nikaiacha, nikabaki na bigijii.

Lakini lawama yangu kubwa haihusu ladha (mnanaa uliochanganyika na kutu ya msumari, unazoea) wala vidonda vya mdomo (vilipona nilipojifunza kuegesha). Lawama yangu ni kwamba bigijii haina ruhusa ya kushuka. Nilipoacha sigara niligundua nimeacha na mapumziko. Dereva hana kisingizio cha kusimama bila sababu, tajiri anaona kwenye mtambo wa kufuatilia gari kwamba umesimama dakika saba Mafinga, anapiga simu. "Nilikuwa navuta" lilikuwa jibu linaloeleweka, tajiri mwenyewe mvutaji. "Nilikuwa natafuna bigijii" ni jibu la mwendawazimu. Zile hatua hamsini kutoka kwenye tangi, kugeukia msitu wa misonobari, kusimama na madereva wa Kongo na Wazambia mnaombana moto bila kujua lugha ya mwenzako, hizo hazimo kwenye boksi la vipande 30. Wiki ya tano Makambako niliona kundi la wenzangu wamesimama nyuma ya gereji wanavuta, nikaenda kusimama nao mikono mitupu. Sikujua niifanye nini ile mikono. Nikaitia mfukoni, nikaitoa, nikaokota jani la mkaratusi nikaanza kulichana. Mpaka leo nashuka, natembea hatua zangu hamsini, nachana jani, narudi. Tajiri nimemwambia nina kibofu.

Sasa bei, na hapa sitanii. Kipande kimoja ni sh 1,500. Ukitumia kumi kwa siku ni 15,000. Sigara zangu 25 zilikuwa zinanigharimu kama 5,000. Mtu atasema baadaye utaokoa, sawa, hesabu naijua, ila mshahara hauji baadaye. Hata hivyo tatizo si ukubwa wa bei, ni umbo lake. Sigara inauzwa moja. Kuanzia Mbagala mpaka Nakonde, saa nane za usiku, ukiwa na sh 200 unapata sigara moja na moto juu, kuna kiberiti kimefungwa kwa kamba kwenye meza. Dawa ya kuiacha inauzwa boksi, mchana, kwenye maduka ya dawa machache ya miji mikubwa, na ukiomba uuziwe vipande vitano wanakutazama kama umeomba nusu ya sindano. Ugonjwa kwa rejareja, dawa kwa jumla. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, nilisoma hivyo, nikaenda na moyo mkunjufu kwenye dirisha la dawa la hospitali moja njiani. Dada akanijibu bila kuinua uso: "Kaka, sigara unaacha kwa nia tu." Kwa nia tu! Kati ya watu 100 wanaoacha kwa nia tu, bila msaada wowote, wanaobaki wameacha mpaka mwaka unaisha ni kama watatu hadi watano. Bigijii haifanyi muujiza, inaongeza nafasi yako kwa kama nusu tena ya ilivyokuwa. Siyo nyingi. Lakini nusu tena ya nafasi yangu nilikuwa naitaka.

Na mimi nilianguka, sifichi. Mwezi wa pili, Tunduma, foleni ya kuvuka ilisimama siku tatu, malori yamejipanga mpaka nje ya mji. Nilikuwa nimebakiwa na vipande sita, nikavipunja vikaisha siku ya pili saa nne asubuhi. Nikazunguka maduka ya dawa ya Tunduma kwa bodaboda, manne, hakuna. La mwisho likaniuzia pipi za kikohozi. Usiku akapita kijana na sinia kichwani katikati ya malori: karanga, mayai ya kuchemsha, vocha, sigara zimesimamishwa kwenye kopo kama mishumaa. Hakusema neno. Alisimama tu karibu yangu, maana wale wanajua. Nikatoa 200.

Mvuto wa kwanza ulikuwa mchafu, kama moshi wa tairi. Kichwa kikazunguka, nikashika bampa ya lori la mbele. Nikafikiri, haya, kumbe sikuikosa. Nikaitupa nusu. Baada ya robo saa nikamfuata yule kijana lori la kumi na moja, nikanunua nyingine, na hiyo haikuwa chafu hata kidogo. Mpaka alfajiri nilikuwa nimevuta sita. Dogo aliniona, akajifanya amelala.

Niliporudi Uyole nikamweleza mama kama mtoto aliyevunja sahani. Hakunisema. Aliniuliza vipande viliisha saa ngapi na sigara ilikuja saa ngapi, akaandika kwenye daftari, akasema kosa lilifanyika Mbeya, si Tunduma: uliondoka hapa na vipande sita ukijua unaenda kwenye foleni. "Tangi la gari unajaza. Hili je?" Tangu hapo nabeba maboksi mawili, moja kwenye droo ya dashibodi, moja dogo analifungia kwenye begi lake la vifaa ili nisilimalize kwa pupa.

Kitu kimoja kinanikwaza kukiandika, lakini nakiandika. Mimi nimezaliwa Urambo. Baba alilima tumbaku, nimekua kwenye mabani ya kukaushia majani, nachanja kuni za kubanikia, nafunga majani. Asubuhi za umande tukichuma majani mabichi, watoto tulikuwa tunatapika, kichwa kinauma, miguu haina nguvu. Wakubwa walikuwa wanasema ni malaria au uvivu. Ni nikotini, inapita kwenye ngozi ukishika jani bichi lenye maji. Nilijua hilo mwaka huu, nikiwa na bigijii shavuni, foleni ya mizani Makambako, nasoma kwenye simu. Ilinijua kabla sijaijua. Baba mwenyewe hakuwahi kuvuta hata siku moja, alikuwa anasema mkulima hali mbegu, na karo zangu zote zimetoka kwenye yale majani.

Nyota, basi, maana najua mnasubiri. Bidhaa yenyewe naipa nne kati ya tano, ukiitumia kama inavyotakiwa. Duka la Kariakoo moja, kwa sababu walinirudishia chenji sahihi. Mama wa Uyole tano na kigoda. Upatikanaji njia ya Dar mpaka Tunduma naupa nusu nyota. Mwenye meno ya bandia aangalie, inanata. Mwenye mimba au maradhi ya moyo aongee na daktari kwanza. Na usianze safari ndefu siku ya kwanza kama nilivyofanya mimi, anza ukiwa nyumbani, uwafokee watu wanaokupenda, wao watakusamehe, trafiki wa Mikumi hatakusamehe.

Leo ni wiki ya kumi na saba. Ratiba inasema ningekuwa nimeshamaliza wiki ya kumi na mbili, sijamaliza, natumia vipande viwili kwa siku: kimoja nikitoka geti la Kigamboni, kimoja popote foleni itakaponikuta. Dogo anasema nimebadilisha mwajiri tu. Labda. Ila nikipandisha Kitonga naongea bila kukata pumzi, na mama watoto amerudisha mto wangu upande wake wa kitanda.

Nimeegesha Mafinga naandika haya. Boksi la dashibodi lina vipande kumi na kimoja, la dogo limeisha, na keshokutwa naingia Tunduma. Kama kuna mtu anajua duka lolote la dawa kati ya Makambako na mpakani linalouza hizi za miligramu 4, hata kwa kipande, aandike hapa chini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.